Meya Ang'oa Uzio Wake Mwenyewe

Jua halijapanda vizuri, na Rosina Dhadho ameshalizunguka soko la Laini Mpya hadi mlinzi ameacha kumsalimu. Macho yake hayatulii. Mara yako kwa fundi anayekata seng'enge, mara yanatazama kaskazini kutafuta vumbi.

"Kata, baba, kata! Tutaongea baadaye," anamhimiza fundi.

Uzio unaokatwa aliujenga yeye mwenyewe. Rosina, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini, ndiye mwenyekiti wa bodi ya mji huu mdogo kando ya barabara ya Garsen. Cheo hicho ni kirefu mno kwa watu wa sokoni. Wao humwita Meya, na aliowafundisha bado humwita Mwalimu.

Alizaliwa Golbanti, kwa wakulima Wapokomo wa ukingo wa Mto Tana. Mwaka wakulima na wafugaji walipopigana, alifundisha watoto wa pande zote mbili ndani ya hema moja. Wengi wanasema ndiyo sababu walimtaka aongoze mji.

Kisha akateleza. Soko lilipimwa wakati wa mvua, wafugaji Waorma wakiwa mbali na mifugo yao. Rosina alikuta uwanja mtupu wenye nyasi za kufika kiunoni, akauzungushia uzio. Kumbe ulikuwa malka, njia ya ng'ombe kupita katikati ya mashamba kwenda kunywa mtoni wakati wa kiangazi.

"Mimi, mtoto wa mto! Malka nazijua tangu utotoni," anasema, akijipiga paja. "Nilitazama nyasi, nikasahau kiangazi. Naona aibu mpaka leo."

Aliyemshtua ni Kadra Abdullahi, muuza maziwa aliyekuwa mwanafunzi wake. Kaka yake Kadra anashusha ng'ombe kutoka Chewele, upande wa kaskazini.

"Nilimpigia simu, nikamwambia, Mwalimu, ng'ombe iko njiani na ina kiu mbaya," asimulia Kadra. "Ikikuta hapa imefungwa, itapita kwa mahindi ya watu. Mwenye shamba atatoka na panga. Kaka yangu naye hatembei mikono mitupu. Wewe unajua ule mwaka."

Rosina anaujua. Kuna madawati katika hema lile ambayo wenyewe hawakurudi kuyakalia, na hapendi kuulizwa zaidi.

Si kila mtu anamwelewa. Kibanda cha Ngumbao, muuza ndizi, kiko katikati kabisa ya njia.

"Nilimuuliza, Meya, wewe ndiye ulinileta hapa, leo wanifukuza kwa sababu ya ng'ombe?" anasema Ngumbao. "Akanyoosha kidole tu, kwenye shamba la mahindi pale nyuma. Ni langu. Nikaelewa, lakini hasira bado ninayo."

Simu inalia. Ni Kadra. "Mwalimu, wamevuka barabara!"

Nguzo ya mwisho, iliyojengewa saruji, haing'oki. Rosina anavua viatu na kuiegemea kwa bega. Ngumbao anamtazama, anasonya, kisha anaweka bega lake kando ya la Meya. Nguzo inalala chini.

Ng'ombe wanaingia, mbavu nje, wakinusa maji. Ndama mmoja anakwapua ndizi za Ngumbao, naye anamtukana mpaka mama wa mama yake. Watu wanacheka, kicheko cha waliokuwa wamebana pumzi. Kundi linashuka mtoni bila kugusa mahindi.

Rosina hacheki sana. Ameshaanza kuokota mawe na kuyapanga kandokando ya njia, viatu bado viko mavumbini.

"Mvua itanyesha, nyasi zitaota, na mimi sitakuwa meya milele," anasema bila kuinua kichwa. "Atakuja mwingine na kamba yake ya kupimia, aseme hapa ni patupu. Nataka ajikwae kwanza."