Ulimi wa Wahida

Mdogo wangu Wahida hagusi harisa, ile pilipili yetu ya kusaga. Kwa mtu aliyezaliwa Sfax, hilo peke yake linatosha kumfanya asemwe. Msimu wa zeituni ukianza, hajipaki manukato hata akialikwa harusini, na kahawa hainywi mpaka jua lipite utosini. Shangazi zetu walidhani ana mimba, kisha wakadhani ana ugonjwa anaouficha, na mwishowe wakaacha kudhani wakawa wanasema tu. Sababu ni moja: Wahida ni mwonja mafuta ya zeituni, na ulimi ndio jembe lake.

Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi hiyo kwenye maabara ya kampuni moja inayopeleka mafuta nje. Alionja yeye, sahihi akaweka Bwana Lassad, mkuu wa maabara. Lassad si mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini ulimi wake umekufa kwa sigara miaka mingi, na kila karatasi iliyotoka pale ilibeba jina lake. Februari ya mwaka jana Wahida akaacha kazi. Alitaka kusimama mwenyewe, awashauri wenye vinu na wakulima: lini wachume, wahifadhi vipi, wasage lini. Alitaka siku moja mtu aulize, "Nani kasema?" na jibu liwe jina lake.

Lassad alimwambia, "Nafasi yako nitaiacha wazi mpaka mwisho wa Novemba. Ikipita hapo nachukua mwingine, usinilaumu."

Mimi nashona sare za shule. Nilimgawia nusu ya chumba changu cha kazi, akaweka meza, glasi zake ndogo za bluu, na kibao mlangoni: Wahida Jarraya, Mtaalamu wa Mafuta ya Zeituni. Wiki ya kwanza watu sita waliingia kuuliza lita tunauza bei gani.

Hapo ndipo nilipoanza kuijua hasira ambayo hata sasa sijaimaliza. Kwetu watu wanalipia kitu kinachobebeka. Neno halibebeki, basi neno ni la bure, na ukidai malipo ya neno unaonekana umelelewa vibaya. Mtu anakuja na chupa ndani ya mfuko wa plastiki: "Onja tu, dada. Neno moja." Wahida anaipasha moto glasi kwa viganja, ananusa, anavuta mafuta kinywani kwa kishindo. Halafu anamwambia mtu zeituni zake zilichelewa kuchumwa siku ngapi, na pipa lake ni la chuma, alitupe. Mtu anashangaa, anamwombea dua, anaamka. Asante yake ni ileile chupa, anatuachia. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Kufika Juni kabati langu lilijaa mafuta aliyoyakataa, na mimi sina pa kuweka vitambaa.

Mara moja nilishindwa kujizuia. Alikuwa mwanamume wa barabara ya Mahdia, ana gari zuri kuliko nyumba yetu.

"Kaka," nikamwambia, "ukimpelekea fundi gari akakwambia breki zimekufa, humpi kitu?"

"Nampa."

"Basi?"

"Fundi anashika spana, dada. Huyu amekunywa tu."

Na alisema kwa upole, akidhani ananielimisha.

Wahida alijaribu kila njia. Alijirekodi kwa simu akieleza namna ya kuhifadhi mafuta, akaweka mtandaoni. Binamu zetu wakaandika kwamba kilemba kimempendeza. Akaomba ukumbi wa utamaduni atoe mhadhara. Walikuja watu kumi na mmoja, wengine kwa ajili ya biskuti, na swali la kwanza lilikuwa kama mafuta ya zeituni yanaotesha nywele. Alijibu kwa adabu. Mimi ningewarushia sahani.

Septemba nikamwambia, "Mpate mmoja mkubwa, wengine watafuata kama kondoo." Na mkubwa wa barabara ya Agareb ni mmoja, Haji Sadok Fourati, mwenye kinu. Haji akianza kusaga, wote wanaanza. Haji akisema mwaka huu zeituni ni chungu, basi hata za sukari zitakuwa chungu.

Wahida alimwendea mara tatu. Mara ya kwanza alipewa chai ya lozi na kuulizwa hali ya baba. Mara ya pili chai ya lozi. Mara ya tatu Haji akasema, "Njoo Alhamisi, siku ya kwanza ya kusaga. Wakulima watakuwepo wote. Nitakuwekea glasi tano za mafuta ya mwaka jana, uonje mbele yao. Wakikukubali, msimu mzima ni wako, na jina lako nitalitundika mlangoni."

Usiku ule Wahida alikula viazi vya kuchemsha bila chumvi. Mimi nilikula samaki wa kukaanga, nikala na fungu lake.

Alhamisi tulikwenda pamoja, mimi nimebeba vipande vya tufaha vya kusafishia ulimi. Kinuni pamejaa. Wakulima wamekalia magunia, wanachovya mkate. Baba yetu, Mzee Abdulmajid, alikuwa katikati yao na kofia yake nyekundu, maana zeituni zake amezisaga kwa Haji maisha yake yote. Aliponiona aliinua kidevu kidogo. Kwa baba hayo ni makaribisho makubwa.

Wahida akavuta mafuta ya kwanza kwa ule mlio wake. Mmoja akasema, "Kama ngamia kisimani," wakacheka. Hakujali.

"Haya yametoka kwenye zeituni zilizookotwa chini," alisema. "Zina udongo."

Haji alitazama karatasi yake, akatikisa kichwa kukubali. Kicheko kikapungua.

Ya pili: chombo cha chuma. Kweli. Ya tatu: yalipikwa na joto la mashine, mtu alitaka kuharakisha. Kweli, na mwenye mafuta akakohoa. Ya nne akayasifu, akasema yana uhai bado, aliyeyasaga anajua kazi. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa akitafuna. Nilisikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu mtoto ana jini." Nilisema leo, leo tumefika.

Glasi ya tano aliinua, akanusa, akasimama.

Mimi nilikuwa karibu yake, harufu ikanifikia. Sihitaji cheti kuijua ile harufu. Ni ya jikoni kwetu. Baba hasagi kidogo kidogo. Anachuma mti baada ya mti, anarundika magunia ghalani mpaka mti wa mwisho uishe, wiki mbili, wakati mwingine tatu. Anasema zeituni lazima zilale, zikilala zinatoa mafuta mengi. Babu alifanya hivyo, na baba wa babu. Zikilala zinapata joto, zinachacha, na mafuta yanapata ladha nzito ambayo sisi sote tuliachishwa nayo ziwa. Naipenda mpaka leo. Kwa waonjaji, ile ni kasoro.

Wahida aliweka glasi chini. Akala tufaha. Akainua tena, akaonja tena. Nikasema moyoni, Wahida, sema koo limechoka. Sema neno lolote.

"Haya yamevunda," alisema. "Zeituni zimelala guniani wiki mbili au zaidi. Hayafai kuuzwa kama mafuta ya kula. Yanafaa sabuni."

Haji akamuuliza taratibu, "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Unajua ni ya nani?"

"Najua, Haji."

Baba aliinuka. Alikung'uta makombo ya mkate kwenye koti, akayaokota yaliyoanguka chini, akayaweka pembeni yasikanyagwe, akatoka. Hakuna aliyemwita.

Haji akakunja karatasi. "Wallahi, ulimi unao," alisema. "Sijaona ulimi kama huo. Lakini mtu anayemvunjia heshima baba yake mbele za watu, mwanangu, wateja wangu nitamwachiaje?"

Damu ilinipanda. "Haji," nikasema, "na angeyasifu?"

"Ningejua ni mwongo."

"Basi ulishamfungia mlango kabla hajaonja."

"Hapana, Najiba. Angesema, Haji, haya nisamehe. Ningeelewa. Kila mtu hapa angeelewa." Akawatazama wakulima, nao wakatikisa vichwa, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata mimi nilikuwa nimewaza hivyohivyo.

Njiani nilimsema. Nilimwambia yeye ni mkaidi, angesema tu koo limechoka, hajui kuishi na watu, kwamba dunia nzima inampaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa na haijaanguka. Tulipofika kwenye duka la vitambaa akasimama.

"Nikichoka koo kwa baba," alisema, "kesho litachoka kwa mjomba. Keshokutwa kwa Haji. Nitakuwa nauza nini, Najiba?"

Nilizidi kukasirika.

Habari ilizunguka upesi. Wahida alipiga simu kwenye vinu vingine saba. Wote walijua kuwa ana ulimi wa ajabu, na wote walikuwa na udhuru. Baba hakumjibu salamu. Ijumaa nilipeleka kuskusi peke yangu, tukala mimi na baba, yeye akitazama sinia tu.

Wiki mbili hazijapita, kikatokea kibao kwenye lango la Haji Sadok: zeituni zilizolala zaidi ya siku mbili hazipokelewi. Haji akaleta kreti za plastiki zenye matundu, akawaambia wakulima waache magunia, yanazipa joto. Akawaeleza jinsi zinavyochacha. Nilisimuliwa na mteja wangu mmoja, mke wa mkulima, nikiwa nampima mwanawe shati.

"Haji ana elimu," alisema. "Mtu hajasoma, lakini mafuta anayajua mpaka ndani."

Nilimchoma mtoto na pini, Mungu anisamehe. Nikamweleza yote, kwamba maneno hayo ni ya mdogo wangu, kwamba Haji hakuwa ameyasema miaka sitini. Alinisikiliza vizuri. Kisha akanigusa mkono, akasema, "Ni haki yako kumtetea, ni ndugu yako."

Nilimwambia Wahida. Akaendelea kuosha glasi zake, ingawa hazikuwa zimetumika.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba baba alikuja. Aliingia na dumu dogo, akaliweka juu ya meza ya Wahida, akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakuwa amewahi kukaa pale.

"Onja," alisema.

Wahida alimimina, akapasha, akanusa. Alipovuta akakohoa, mara moja, halafu mara ya pili. Machozi yakamtoka, wala si kwa kikohozi peke yake.

"Baba, haya ulisaga lini?"

"Siku ileile niliyochuma. Miti mitano, nikapeleka. Miti mitano tena, nikapeleka. Mgongo umekwisha."

"Haya ndiyo mazuri kuliko yote niliyoonja mwaka huu. Sikwambii hivyo kwa sababu ni wewe."

"Hilo najua," baba alisema. "Wewe huna ugonjwa huo."

Nilicheka, baba naye akatabasamu kidogo. "Yanakwaruza koo. Mimi siyapendi. Lakini mnunuzi aliyachukua yote palepale, hakubishana. Barabara nzima wakaja nyumbani, wakiuliza: Mzee Majid, nani kakufundisha? Nani kakwambia uache kulaza?"

Nilimwona mdogo wangu akinyooka kitini. Mimi mwenyewe niliacha cherehani.

"Ukawaambiaje?" aliuliza.

"Nikawaambia Haji Sadok."

Nje kulipita pikipiki. Baba alingoja mlio upite, kama mtu ambaye bado hajamaliza habari njema.

"Nilitaka wasikie," alisema. "Nikisema binti yangu, nani angeacha magunia? Wangesema mzee anamtetea mwanawe. Sasa nenda uone, barabara yote kreti. Kila ulichosema siku ile wanakifanya. Si ndicho ulichokuwa unataka?"

Wahida akafunika glasi na kisahani chake, akachukua simu, akatoka barazani. Mlango haukufungika vizuri. Nilimsikia akisema, "Bwana Lassad, ni Wahida. Ndiyo. Naweza kuanza Jumatatu."

"Anaongea na nani?" baba aliniuliza.

"Na mkuu wa maabara. Anarudi kule."

"Amepata kazi?"

"Ndiyo, baba."

"Alhamdulillahi," alisema baba, na uso wote ukamng'aa.