Meza ya Nyumbani kwa Fundi

Baba yangu ni seremala, na mpaka nimekuwa mtu mzima nyumbani kwetu hapakuwa na meza ya chakula. Msinicheke. Kazi yake hasa ni meza, na sisi tulikuwa tunakula chini, miguu tumeikunja, sinia katikati.

Si kwamba hakututengenezea. Alitengeneza, tena mara nyingi tu. Ila vanishi haijakauka, mteja huyo anapiga hodi: "Fundi, hii hii ndiyo ninayoitaka!" Baba, kwa moyo wake laini, anaanza kujikuna kichwa. Mama anamwambia, "Mpe bwana, sisi tumeshazoea." Jioni tunarudi sakafuni.

Kwa hiyo historia ya meza mimi naijua kwa kuziona zikiondoka. Nilipokuwa mdogo zilikuwa ndefu, mabenchi pande mbili, maana nyumba zilijaa watu na mtoto wa shangazi akija hakuulizwa ataondoka lini. Kisha watu wakataka viti vyenye migongo, kila mtu na chake. Zikaja meza za vioo, ambazo baba alizichukia kupindukia. "Utakulaje huku unatazama magoti ya mgeni?" Siku hizi anaagizwa vimeza vya kukunjia ukutani, vya watu wawili, na hao wawili nao kila mmoja anakula na simu yake. Baba huvitengeneza bila kunung'unika, lakini anavipiga msasa kwa huzuni, nawaambieni.

Basi mama akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, kukaa chini kukawa hakuwezekani tena. Tukawa tunampelekea sahani kitandani, kisha sisi tunarudi sebuleni kula. Naye akawa anasema ameshiba. Kila siku ameshiba! Mama yangu, aliyekuwa akikwangua sufuria na kututania kwamba ukoko ni haki ya mpishi! Alikonda mpaka pete ikawa inamponyoka kidoleni. Niliogopa, nikamfokea: "Mama, unataka kufa njaa na chakula kimejaa humu ndani?"

Akageukia ukutani. "Chakula cha peke yangu hakishuki, mwanangu."

Nilikwenda karakana nimefura kwa hasira. Nilimkuta baba anapiga randa, nikamtolea yote: mji mzima umeujaza meza, mkeo anakula kama mfungwa! Aliweka randa chini. Alichukua futi kamba, akaingia chumbani, akampima mama urefu wa magoti akiwa ameketi kwenye kiti.

"We mzee, unanipima jeneza?" mama akauliza.

"Hebu tulia," baba akasema.

Akachagua mbao za meza, lakini hakuziungia karakanani. Alizibeba vipande vipande hadi sebuleni, akaziunga humo humo kwa gundi na vijiti vya mbao, bila skrubu hata moja. Upande mmoja aliuacha wazi chini ili magoti ya mama yaingie vizuri. Mimi nikasema moyoni, masikini, mzee wangu ameanza kuzeeka. Meza ilikuwa pana kuliko mlango, na kosa hilo hata anayejifunza useremala halifanyi.

Mteja hakukawia. Bwana mmoja aliyefuata kabati lake alichungulia ndani, akaganda. "Fundi! Hii naichukua!"

Mama, kwa mazoea yake, akaanza, "Basi mpe tu, sisi..."

"Haitoki," baba akasema. "Haipiti mlangoni."

"Si tuifungue?"

"Haifunguki. Labda ubomoe nyumba." Kisha akamgeukia mama, mkono juu ya ule ubao. "Nilipima, mke wangu."

Mama alimtazama, machozi yakamlengalenga. Yule bwana alichukua kabati lake, akaaga. Tukamsogeza mama mezani, baba akakaa ubavuni pake, mimi mbele yao. Maneno matamu baba hayajui. Alimsogezea bakuli la mchuzi, basi. Tukaanza kula. Nilikuwa naiangalia sahani ya mama kwa wizi, mpaka ikabaki nyeupe.

Akaniinulia. "Niongeze," akasema.