Pembe Tisa Mgongoni

Nyinyi mnaocheka kila nikipita, chekeni leo mmalize, maana kisa chenyewe nitakisema kwa mdomo wangu na baada ya hapo sitaki kukisikia tena kwenye baraza yoyote ya Kisauni. Nilijiaibisha. Nilianguka hospitalini mbele ya wakwe nikiwa nimevaa kanzu mpya, na kilichoniangusha hakikuwa ugonjwa wala jini, ulikuwa ujuaji wangu tu, na hasira yake mpaka leo na mvi zote hizi haijanitoka.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Dada yangu Mwanaidi, wa pekee, tumbo moja, alikuwa na mimba ya miezi minane, akatokwa na damu, akalazwa hospitali kule kisiwani. Mumewe baharia, yuko melini huko, hata habari hana. Daktari akasema mtoto atatolewa kwa kupasuliwa siku ya Alhamisi, ila Mwanaidi amekwisha kupoteza damu nyingi, na hawezi kuingizwa kwenye kisu mpaka iwepo chupa ya damu ya mtu mwingine tayari. Jumatatu tukachomwa vidole, mimi na mama, na jirani yetu Katana naye akatoa chake (alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa tu, ni kibarua wa machimbo ya mawe, kwao Kaloleni). Ya mama haikulingana. Yangu ililingana, na ya Katana vilevile.

"Basi yatosha yangu," nikasema haraka. "Damu ya ndugu ipo, ya jirani ya nini?"

Nesi akaniambia nile vizuri, ninywe maji mengi, nipumzike, nifike Alhamisi saa mbili asubuhi. Hayo tu. Mtoto wa chuo cha Kurani angeyashika.

Huyo Katana mimi nilikuwa nimezoea kumcheka. Mwezi uliotangulia mbwa wake, Askari, aliingiwa na kupe mpaka masikioni hapakuwa na nafasi, akawa ni wa kulala tu, akisimama anayumba. Katana akampakia mkokotenini mpaka kwa bwana mifugo, aliporudi akatueleza pale bombani kwamba kupe wamemnywa damu, iliyobaki ni kidogo, na moyo unapiga mbio kuizungusha hiyo kidogo ifike mwili mzima. Akamwinua mdomo tuone ufizi ulivyokuwa mweupe. Nikamwambia mbele ya watu, "Bwana Katana, kumbe mbwa naye apimwa damu? Kesho mlaze wadi basi." Watu wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Yeye akaendelea kung'oa kupe mmoja mmoja, akimpa maji na maini kila siku, na baada ya majuma kadhaa mbwa akawa anafukuza baiskeli.

Sasa Jumatano ile, badala ya kula kama nilivyoambiwa, nikakaa kufikiri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwetu sisi damu ikikaa sana mwilini huhesabiwa kuwa imechafuka, na mtu akijisikia mzito huenda kuumikwa, achanjwe mgongoni kwa wembe, abandikwe pembe la ng'ombe, livute ile damu mbovu itoke. Nikajiuliza, mimi nimpe dada yangu damu iliyolala? Nimpe uchafu, naye yu mgonjwa? Nitajisafisha kwanza, nimpe iliyo safi. (Wallahi nilijiona nina akili kumshinda daktari na mashine zake.) Asubuhi nikanywa sanamaki ya kuendesha tumbo, gilasi mbili kwa haraka ya usafi, nikashinda chooni. Maji sikuyagusa, nikiogopa yasije yakaizimua damu. Alasiri nikaenda kwa Fundi Salimu, muumikaji wetu.

"Nikubandike mangapi?" akaniuliza.

"Tisa."

Akanitazama. "Watu huumikwa matatu, Abdalla. Tena nakuona macho yameingia ndani."

"Fundi, bandika. Mimi ndimi mwenye mgongo."

Akabandika. Miaka mingi nimemlaumu Salimu, nimemtukana nyuma yake na mbele yake, lakini maneno yake hayo yamo kichwani mwangu na siwezi kuyatoa. Damu ikatoka nyeusi, nzito, nami nikafurahi kama nimeona uchafu wa mwaka mzima ukiondoka. Mama sikumwambia.

Alhamisi nikavaa kanzu nyeupe niliyoishona kwa ajili ya Idi. Chai nikaikataa. Nikatoka nje nikamkuta Katana kasimama na mama.

"Mama, huyu naye wa nini?"

"Nimemwomba mimi," akasema mama. "Ameomba ruhusa kazini. Nawe fanya adabu."

Basi tukapanda basi, jua limeanza kuchoma, nikatoka jasho, na watu wa nyuma yangu naona wananong'ona wakinitazama, nami nikadhani wanaisifu kanzu. Mpaka tukavuka daraja la Nyali nilikuwa nimekaa kama bwana harusi. Kumbe zile chanjo zilikuwa zimefunguka kwa jasho.

Hospitalini tuliwakuta wakwe wa Mwanaidi wamejaa kwenye mabenchi. Mtu mwenye haya angetoa salamu akakaa. Mimi nikasimama katikati yao nikawaambia wasiwe na wasiwasi, leo wataona ndugu wa damu ni nini. Nesi akaniita jina. Nikageuka kwa maringo, nikawapa mgongo, na sauti ya mwisho niliyoisikia ni ya mama mkwe akiuliza, "Ee, huyu mgongoni ana nini?" Vilikuwa viduara tisa vyekundu, vimepangika safu tatu kwenye kanzu nyeupe. Masikio yakavuma, miguu ikapotea, nikaangukia meza ya mabeseni nikaenda nayo chini, kelele yake nadhani ilisikika mpaka bandarini.

Nilipofumbua macho, Katana alikuwa amepiga magoti kando yangu, amenishika mdomo wa juu kauinua.

"Mtazame ufizi, nesi. Mweupe," akasema. "Mbwa wangu alikuwa hivi hivi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitaka kumpiga. Naapa nilitaka kumpiga, na mkono ukakataa kuinuka, nami nikalala pale nimeshikwa mdomo kama mnyama wa mnada, nikimchukia Katana, nikimchukia kila aliyekuwa na meno ya kuchekea. Nesi hakucheka. Akanivuta ngozi ya chini ya jicho akatazama, akanishika kifundo cha mkono.

"Mapigo yaenda mbio, tena hayana nguvu. Umefanya nini wewe?"

Nikamweleza, sanamaki na pembe na yote. Mama akajifunika uso kwa leso.

"Dada yako damu zamtoka tena tangu alfajiri," akasema nesi, polepole. "Hiyo uliyokwenda kuimwaga ndiyo aliyokuwa akiingojea."

Hakuna aliyecheka tena, na hapo hasira yote niliyokuwa nayo kwa watu ikanirudia mimi. Nilipotazama, Katana alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. Nikalazwa benchini, nikanyweshwa maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko, huku kupitia mlango ulio wazi naiona chupa ikijaa, damu ya mtu niliyesema haihitajiki. Chupa ikachukuliwa mbio. Tukangoja. Adhuhuri wakatuambia ni msichana, na mama yake yu hai.

Siku ya pili Mwanaidi akanishika mkono. "Ahsante, kaka," akasema. "Damu yako naihisi yanitembea."

Mama alinitazama, akaniachia mwenyewe. Nami (hili sijapata kumwambia mtu) nilitamani iwe kweli. Kisha nikasema, "Si yangu. Ni ya Katana."

Mwanaidi akauachia mkono wangu. "Basi niitie kaka Katana," akasema, na mpaka leo ndivyo amwitavyo, na sahani ya Idi humwendea yeye kabla yangu.

Tangu siku hiyo pembe halijanigusa mgongo, wala halitanigusa, na nikiambiwa na mtu wa hospitali kunywa maji, nakunywa. Katana nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Lakini kabla ya kumwendea yeye nilinunua ratili ya maini nikampelekea mbwa wake, mimi nisiyewahi kusogelea mbwa, nikayaweka chini mbele yake pale uani. Akayala, akaramba ardhi, akanitazama. Kisauni nzima ni yeye peke yake ambaye hakunicheka.