Kurasa Elfu Moja na Mia Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinipa meza, penseli nyekundu na mihuri miwili, akaniambia nisome. Nilidhani ananitania. Nilikuwa na miaka ishirini, binti wa koplo wa polisi, nimekulia kwenye nyumba za askari pale Naguru, na sikujua kwamba mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kusoma. Ilikuwa miaka ya utawala wa kijeshi. Ofisi yetu, vyumba vitatu juu ya ghala moja mjini, ilikagua vitabu vilivyoingia Kampala kutoka nje. Muhuri mmoja uliandikwa RUHUSA, wa pili ZUIA.

Ninyi vijana mmeniuliza kazi ile ilifanywaje. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake: jina la kitabu, jina la mwenye kitabu, mistari minne ya muhtasari, na mwishoni saini ya msomaji. Vitabu vilikuwa vingi na wasomaji tulikuwa watatu. Kwa hiyo Karani Mkuu, mtu mpole aliyeanza kazi ya ukarani tangu enzi za Waingereza, alitufundisha alichokiita kusoma ncha tatu: kurasa kumi za mwanzo, kumi za katikati, kumi za mwisho. Ukikuta neno linalogusa serikali au jeshi, unalipigia mstari mwekundu, unagonga ZUIA. Kwa miaka miwili nilisifiwa kwa kasi yangu, nami nilifurahi kusifiwa.

Kisha likaletwa sanduku kutoka Port Bell, lililovuka ziwa kwenye meli inayobeba mabehewa ya treni. Ndani mlikuwa na vitabu vya shule, na kimoja kinene kama tofali: riwaya ya zamani sana, ya nchi ya baridi, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, yenye maandishi madogo na kurasa elfu moja na mia mbili. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa sekondari aliyekaa kwenye fleti za Bugolobi. Mkuu wetu wa sehemu, Kapteni, alikuwa amekifungua palepale bandarini na macho yake yakaangukia sentensi moja: mfalme lazima afe. Akaukunja ukurasa, akaleta kitabu mezani kwangu, akataka ripoti kwamba mwalimu anaingiza maandishi ya kuua watawala.

Nilimuuliza Karani Mkuu huyo mwalimu yuko wapi. Alitazama mlango kwanza, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba amechukuliwa tangu Jumatatu.

"Andika mistari minne, binti yangu," alisema. "Sentensi umeshaonyeshwa."

Nikashika kalamu. Nikaandika jina la kitabu, nikaandika jina la mwalimu, nikafika kwenye mistari ya muhtasari na mkono ukakataa. Sikuwa shujaa. Niliona tu kwamba mtu atauawa kwa neno langu, na neno lenyewe silijui.

Nilikwenda kwa Kapteni. Nikamwambia ripoti hiyo itapelekwa juu, na huko juu mtu akiuliza kitabu kinahusu nini, mimi na yeye tutakosa jibu. Nikaomba siku kumi na mbili. Alikubali, akaniambia siku ya kumi na tatu nisimletee maneno mengine.

Kurasa mia moja kwa siku. Kitabu hakikuruhusiwa kutoka ofisini, hivyo nilikuwa nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikitembea kutoka Naguru, kabla wenzangu hawajaja. Siku ya kwanza nilisoma kurasa thelathini na mbili, nikalia. Kila mtu alikuwa na majina matatu, na mwandishi alimwita kwa lolote alilotaka. Kulikuwa na theluji, nami sikuwahi kuona theluji. Kulikuwa na karamu ya kurasa ishirini ambayo hakuna aliyefanya lolote ila kuzungumza. Nilitamani kuruka mbele. Lakini nilijua nikiruka ukurasa mmoja, Kapteni ataniuliza huohuo.

Siku ya pili nilinunua daftari. Nikaandika familia nne za kitabu kile, nani kamzaa nani, nani anamdai nani shamba. Sentensi iliyonishinda niliisoma kwa sauti, mara mbili, mara tatu, mpaka ikakubali. Karani Mkuu alianza kunipunguzia vitabu vingine. Siku ya nne niligundua kwamba ile karamu ndefu ilikuwa na maana: watu walewale waliocheka mezani sasa walikuwa wanazikana vitani, na mimi nilizijua sauti zao. Mchana huo nilisahau kula.

Baba aliniuliza nyumbani kwa nini nakonda. Nilipomweleza, alisema jina langu likiingia kwenye jalada yeye hataweza kulitoa. Asubuhi iliyofuata aliamka kabla yangu akanipigia viatu rangi.

Nilimaliza siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri. Kesho yake nilisimama mbele ya Kapteni.

"Kitabu hii nasema nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

Nilimfungulia ule ukurasa aliokuwa ameukunja, wa mia nane na tisa. Nikamweleza kwamba mfalme ni mzee, anaumwa, anaogopa. Anayesema ni mwanamke aliyemnyonyesha utotoni, amekaa kando ya kitanda, amemshika mkono. Anamwambia mfalme lazima afe kama mtu mwingine yeyote, na kwamba yeye hataondoka pale mpaka mwisho. Nikamsomea mistari yote.

"Wewe umesoma yote?"

"Yote, afande."

"Hapana mtu nasoma yote."

Akafungua kurasa popote na kuniuliza: huyu nani, alitoka wapi, atafanya nini? Akafanya hivyo mara tatu. Nilijibu mara tatu, bila daftari. Akafunga kitabu.

"Huyo mama," aliuliza mwishoni, "alibaki?"

"Alibaki, afande."

Alichukua kadi yangu, sasa yenye muhtasari na saini, akaisoma, akaiweka kwenye jalada. Baada ya siku tano mwalimu aliachiwa. Kitabu hakikurudishwa, kiliishia kwenye kabati la chuma.

Mwalimu alikuja ofisini kuuliza vitabu vyake vya shule, amekonda, anachechemea mguu mmoja. Nilimpa, nikamwambia ile riwaya nimeisoma badala yake na nikataka kumsimulia. Aliniomba nisimwambie mwisho. Atakipata kitabu hicho kwingine, alisema, hata ikichukua miaka. Wiki hiyohiyo alivuka mpaka kwenda Kenya.

Tangu hapo sikugonga ZUIA kwenye kitabu nisichokimaliza. Kasi yangu ilikufa, sifa zikakoma, na mwaka uliofuata nilihamishiwa stoo ya karatasi. Utawala ule ulipoanguka niliomba kazi ya maktaba katika shule moja ya wasichana, nikakaa huko miaka ishirini na sita, chini ya wakuu wa shule watano. Wanafunzi waliokuja kulalamika kwamba kitabu ni kirefu niliwapa daftari na penseli.

Lakini nisijisifu. Ile miaka miwili ya kasi pia ni yangu. Niligonga ZUIA kwenye vitabu vya watu ambao sikuuliza walikwenda wapi, na hadi leo sijui. Majina mengine nayakumbuka.

Sasa nimestaafu, macho yamefanyiwa upasuaji, nasomea kwenye kibaraza kwa kioo cha kukuza. Mwezi uliopita nilianza riwaya nyingine ya kale, majuzuu matatu. Nasoma kurasa kumi na tano kwa siku, na nimeshasahau mara mbili nani ni shangazi wa nani, nikarudi nyuma. Jirani zangu huniuliza kama ni kitabu kizuri. Nawaambia niko ukurasa wa mia tatu na kumi, waniulize nikimaliza.