Neno la Kiwiko

Septemba 2019 tulimpoteza Mwalimu. Mwezi uliopita, kwenye arusi, bwana mmoja mwenye tai alisimulia kifo chake kama kichekesho. Watu walicheka, nami nikaisukuma sahani yangu ya wali. Basi nakusimulia wewe, rafiki yangu, ilivyokuwa, maana wewe hutacheka.

Tulikaa Joubert Park, mtaa wa wahamiaji huku kusini, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake sikuwahi kuiona ikitembea. Maji yalipokatika tulipanda ngazi na ndoo kichwani, na kila ghorofa ilikuwa na harufu yake: vitunguu, mafuta ya nywele, samaki wa chumvi, kisha sombe ya Mama, kisamvu cha kwetu. Mama alisuka nywele karibu na stesheni. Koko, yaani bibi yangu, alishinda nyumbani nasi. Lugha za mji huu hazikumwingia kabisa, isipokuwa "eish", mguno wao wa mshangao, ambayo aliitumia hata kwenye maombi. Sisi watoto tuliongea Kiingereza na Kizulu. Kiswahili tulikisikia tu, kama redio ya jirani.

Mwalimu alikaa mlango wa pili. Kwao Lubumbashi alifundisha Kiingereza sekondari. Hapa alikuwa mlinzi wa duka la viatu. Jumamosi mchana tulijaa chumbani kwake, wengine kitandani, wengine sakafuni, tukanywa chai ya tangawizi na kula mkate mkavu, naye akatusimulia habari za Mwingereza wake.

Mwingereza huyo aliishi zama za Malkia Victoria. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne na kujifundisha lugha mwenyewe. Akapewa kazi ya kukusanya maneno yote ya Kiingereza kwenye kamusi. Alijenga banda la mabati bustanini kwake, na watu wasiomjua wakamtumia maneno kwa posta, kila neno kwenye kipande chake cha karatasi, pamoja na sentensi ya aliyelitumia. Alitazamia kumaliza baada ya miaka kumi. Alizeeka ndani ya kazi hiyo, na alipokufa alikuwa bado kwenye herufi T. Mwalimu alipofika kwenye T aliinamisha kichwa, kama tumepoteza jamaa.

Nasi tukaanza kukusanya. Tulikata maboksi ya nafaka, kila mtoto akaleta neno la kwao. Sheria ilikuwa moja: neno lazima liwe na kinywa. Nani alisema, na alikuwa akifanya nini? "Neno bila kinywa ni uvumi," alituambia.

Siku moja nilileta "robot". Mvulana wa Kikenya wa ghorofa ya nne, ambaye baba yake alifanya kazi benki, akacheka hadi akamwaga chai.

"Hizo ni taa za barabarani. Nyinyi Wakongo mtatuharibia lugha."

"Mliitengeneza lini nyinyi?" nikamuuliza.

Mwalimu alimgeukia. "Mama yake akivuka barabara anasema nini? 'Ngoja robot.' Basi lina kinywa. Andika, na ufute chai yangu."

Kisha ikaja Jumamosi ya viungo vya mwili. Yule Mkenya alileta kiwiko. Mtoto wa Kitanzania akaleta kisugudi, na msichana wa Burundi akaleta inkokora. Mimi nilileta neno la Kizulu la kiungo hicho hicho, indololwane. Mwalimu aliuliza ni la kinywa gani. Nikasema la Mama. Akauliza Mama analisema lini.

"Anasema tukiulizwa barabarani, tulitaje haraka."

Watoto wote waliitikia kwa kichwa, kwa sababu mama wa kila mmoja wetu alikuwa amesema hivyo hivyo. Wakubwa walikuwa wametusimulia kuhusu mwaka 2008, jinsi wageni walivyosimamishwa mitaani, wakaonyeshwa kiwiko na kuulizwa kinaitwaje kwa Kizulu. Aliyekosa alipigwa. Nilijua neno hilo kabla sijajua kuandika jina langu.

Mwalimu alikiweka kipande changu pamoja na vingine, akakinyoosha kwa kidole. "Ni neno zuri," alisema. "Ni la watu wa hapa, wala halina kosa. Msilichukie."

Miaka mitatu baadaye, wiki ambayo maduka ya wageni yalichomwa, Mwalimu alitoka kazini na mlinzi mwenzake. Wanaume waliwasimamisha kwenye kona. Yule mwenzake ndiye aliyetueleza, amekaa kwenye mkeka wetu, mikono katikati ya magoti. Mmoja wao alikunja mkono, akauliza. Mwenzake alijibu sawasawa, akaambiwa apite. Mwalimu akajibu, "Kiwiko."

Matanga hayakuwa ya kulia tu. Mzee wa kanisa alisema kile kilikuwa kiburi, na Mungu huwapinga wenye kiburi. Mama, aliyempelekea Mwalimu sahani ya sombe kila Jumapili, alipiga paja lake.

"Angesema tu! Ile neno alilijua kuliko sisi bote."

Wakaanza kumhukumu yeye. Fimbo zilishikwa na wanaume wale, lakini ndani ya nyumba yetu mshtakiwa alikuwa maiti. Hasira ile haijaniisha. Vijana wa kanisa nao walimfanya shujaa, eti alikataa kuikana lugha yake, na hilo pia linanikasirisha. Nani aliwaambia alikataa? Huenda aliogopa tu, na mtu anayeogopa humtoka neno la mama yake. Mimi sijui. Wao pia hawajui. Hata yule Mwingereza nilimchukia. Yeye aliletewa maneno na tarishi, akayapokea kwenye meza yake. Mwalimu wetu aliombwa neno moja tu, tena na watu wenye fimbo.

Sasa wanasema mambo yametulia. Watoto wa jengo lile wanakua bila hata neno moja la Kiswahili, na wazazi wao wanaona ni salama zaidi. Siwezi kuwalaumu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Tulimzika huku, kwa sababu Lubumbashi ni mbali. Tuliporudi tulipanda teksi ndogo, Mama, Koko na mimi. Dereva aliona nguo zetu nyeusi na udongo kwenye viatu, akauliza kwa Kizulu tumemzika nani. Mama alimjibu kwa Kizulu kilichonyooka kwamba ni kaka yake. Dereva akazima muziki. Akatupa pole, polepole, kwa maneno mengi, kama mtu aliyelelewa vizuri. Koko alielewa, maana sauti ya pole haihitaji kufasiriwa. Akamwinamia dereva, akafungua mdomo amshukuru kwa Kiswahili, na Mama akamshika goti, akalibana.

Koko akafunga mdomo. Tukaenda hivyo hadi nyumbani.