Jina la Mtu wa Pili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wala siikumbuki kwa raha: siku Fundi Chilumba alipoulizwa jina la mtu wa pili, akajibu hakuna. Mie nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimemshikia bisibisi.

Hiyo simu iweke pembeni kwanza. Karakana yetu ilikuwa hapa hapa Temeke, ya miguu bandia. Waliotutegemea zaidi walikuwa watoto, maana mtoto anakua na mguu bandia haukui. Kulikuwa na Tausi wa Kigamboni, aliyegongwa na lori akiwa mdogo. Mama yake alikuwa akimleta kwetu kila mguu ukimbana, atengenezewe mwingine wa kwendea shule.

Kalibu za miguu tulizichonga kwa mashine iliyoendeshwa na kompyuta ya msaada. Prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya aina adimu, hata mafundi wa Kariakoo waliitazama wakacheka. Na kompyuta bila mfumo wa kuiendesha ni kabati tu. Mfumo wetu ulitungwa na watu wa kujitolea huko ng'ambo, nao walikuwa wanazidi kupunguza aina za prosesa wanazozihudumia, kwa kuwa watumiaji walikuwa wanakwisha. Yetu ilikuwa hai kwa sababu ya Chilumba. Kila toleo jipya likitoka analijaribu, anawaandikia penye hitilafu, wanarekebisha. Alisema dunia nzima kabaki yeye, na alilisema kama mtu anayetaja cheo.

Wakamsifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, si ndivyo? Ndipo siku ile ninayokwambia wakaandika kwamba prosesa isiyo na waangalizi wawili itaondolewa, basi ataje mwenzake.

Mie nilikuwa mwanafunzi wake kwa miaka. Lakini unazijua mila za mafundi wetu: mwanafunzi anafundishwa yote isipokuwa lile la mwisho. Kazi ikifika penye utamu, unatumwa chai. Nimenunua chai mie, Mungu ndiye anajua! Chilumba naye mwalimu wake alimfanyia hivyo hivyo, akaona ndiyo heshima ya ufundi. Akawajibu, huku akiyasoma kwa sauti anayoyaandika, kwamba yuko peke yake na anatosha.

Mkewe alikuwa ametuletea chakula, akalisikia jibu lile. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Aliweka bakuli chini, akasema, "Baba, huyu kijana hakunyang'anyi kitu. Kaburini hakuna darasa."

Chilumba akacheka, akasema atanifundisha akizeeka. Tukanawa, tukala.

Hakuzeeka. Kiharusi kilimwangusha, kikachukua mkono wa kulia na ulimi. Watu wa ng'ambo, waliokuwa bado wanamvumilia peke yake, wakangoja taarifa zake, wakaandika tena na tena, na barua pepe yenyewe alijua kuifungua yeye tu. Mwishowe wakaiondoa prosesa yetu. Siwalaumu. Walibisha hodi na hakuna aliyeitikia.

Mashine ilijikongoja kidogo, kisha diski ikafa. Tukaweka mpya, lakini mfumo wa sasa haukuitambua kabisa ile prosesa. Nakala za mfumo wa zamani zilikuwepo, ila Chilumba alizifunga kwa nenosiri. Nikaenda kwake Mbagala na kibodi, nikamwekea mapajani. Akaitazama, akanitazama mie. Mkono wa kushoto ukagusa herufi mbili tatu, ukaanguka. Akalia, mwanangu. Mkewe akamfuta mate na wala hakumkumbusha lolote. Nami nililia mbele ya mama wa watu bila aibu.

Tausi alipokuja nilijaribu kumchongea kwa mkono. Ule mguu ukamchubua hadi damu. Viongozi wakaahidi mashine nyingine, ahadi juu ya ahadi, mpaka karakana ikafungwa. Mara ya mwisho nilimwona Tausi mgongoni kwa mama yake, msichana mkubwa kabisa, haya zimemjaa usoni. Mama ameshika ule mguu wa zamani mkononi. Akaniuliza taratibu, "Kwani mwalimu wako hakukufundisha?"

Ningesema nini, nimseme vibaya mtu asiyeweza tena kujitetea? Na Chilumba nilimpenda, mpaka leo nampenda. Lakini Tausi shule aliiacha.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukijisikia unajigamba kwamba bila wewe mambo hayaendi, ogopa, maana kuna mtoto wa watu anayening'inia kwenye pumzi yako. Ulijualo mfundishe mwenzako ukiwa na ulimi, umfundishe na lile la mwisho. Usimtume chai. Na siku utakayoulizwa nani mwenzio, taja jina.

Mungu akupe kazi ya kukuheshimisha, akupe na wa kukupokea. Na siku akikuita, akukute umeshakabidhi yote. Amina.