Mawe ya Chemchemi

Wakubwa wetu pale Nangara walipenda maendeleo kuliko walivyopenda watu. Zamani, kila mwaka kabla ya mvua, kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe lake kwenda kuzibua chemchemi iliyokuwa chini ya mlima. Asiyekwenda alitozwa mtungi wa pombe. Kingo za chemchemi hiyo zilijengwa kwa mawe na babu zetu, na ng'ombe hawakuruhusiwa kuzikanyaga.

Halafu, miaka ile ya themanini, hata sabuni tukiipangia foleni, tukachimbiwa kisima kirefu na kuletewa mashine ya kuvuta maji. Mwenyekiti wa kijiji akatuambia mkutanoni kwamba kuzibua chemchemi ni ushamba. Kibanda cha mashine kilihitaji msingi, saruji haikuwepo, basi akaamuru tukang'oe mawe ya chemchemi. Na watu wazima, wenye akili zao, wakayabeba vichwani huku wanaimba.

Mashine ilinguruma msimu mmoja tu. Dizeli ikaisha, haikuja tena. Mwenyekiti akafugia kuku wake ndani ya kibanda, na mikutanoni akaendelea kukiita mradi wetu. Nasi tukapiga makofi, wajinga wakubwa. Huko juu mlimani miti ikazidi kukatwa kwa ajili ya mkaa, mvua zikawa zinachelewa, kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita, na chemchemi isiyo na mawe ikafukiwa na tope na kwato za ng'ombe. Hakuna aliyegusa jembe. Kila mtu alikuwa anasubiri dizeli.

Mama akawa anateka maji kwenye ziwa lililo bondeni, pale pale ng'ombe wanaponyweshwa. Kuni zilikuwa adimu, kwa hiyo hakuyachemsha kila mara. Mdogo wangu, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea, akaanza kuhara. Tukampeleka zahanati, dawa hazikuwepo. Akafa.

Mwenyekiti alikuja mazikoni na suti yake ya kaunda, akahutubia mbele ya kaburi kuhusu subira. Jua lilikuwa kali. Alipomaliza akaomba maji ya kunywa, mama akamletea kikombe. Mwenyekiti akachungulia ndani, akakiweka chini taratibu.

"Kunywa, Mwenyekiti," mama akamwambia. "Mwanangu alikunywa haya haya."